Mtoto Yuko Wapi, Kijiji Kiko Wapi

Mjukuu wangu Makena ameitwa chuo kikuu kusoma saikolojia na sosholojia, yote mawili pamoja, na tangu habari hiyo ifike hapa Kaaga nyumba yangu haiishi wageni. Wote wanakuja kunipa pole. Jirani yangu mwenye duka la unga alikaa kwenye kochi langu, akanywa vikombe vyake vya chai bila haraka, kisha akainama kama mtu anayeuliza habari za mgonjwa.

"Mama, sasa huyo mtoto, si angefanya tu unesi? Hiyo saiko-nini itamlisha kweli?"

Nilimwambia kwamba hiyo saiko-nini imenilisha mimi mpaka nikastaafu, na hata sukari aliyoitia kwenye chai ile kwa ukarimu mkubwa ilinunuliwa kwa pensheni yake. Alicheka, lakini aliondoka hajaamini. Basi nyinyi vijana mnaosumbuliwa na wajomba na mashangazi kwa jambo hilohilo, sogeeni. Makena naye asome, kwa sababu nikimwambia kwa mdomo anaangalia simu.

Nilikuwa afisa wa ustawi wa jamii katika hospitali moja ya hapa Meru, na miaka yangu mingi niliimaliza katika wodi ya wagonjwa wa akili. Daktari anatibu, muuguzi anatunza. Kazi yangu mimi ilikuwa kuuliza: huyu akitoka hapa anaenda wapi, na nani atamfungulia mlango? Ukiliona swali hilo ni jepesi, bado hujakutana na watu.

Nilikwenda chuo kikuu miaka ile ambayo msichana wa Embu akipanda basi la kwenda Nairobi na sanduku, mtaa mzima unamsindikiza. Baba yangu alikuwa fundi cherehani Embu mjini, mtu wa asili ya Tharaka aliyehamia kule kijana na hakurudi tena. Alinishonea sketi za kutosha, akaniambia nisome chochote nitakachopewa, mradi nisirudi na mtoto wa mtu. Nikapewa haya masomo mawili. Sikuwa nimeyachagua, na majina yake sikuyajua kuyatamka.

Nilichokijua upesi ni kwamba yalikuwa masomo ya watu wasiosalimiana. Mhadhiri wa saikolojia alikuwa mwanamume mrefu, mkimya, ambaye mwanafunzi akiuliza swali yeye anamtazama mpaka mwanafunzi anajijibu mwenyewe. Wa sosholojia alikuwa mama mnene mwenye kicheko, anayefundisha akitembea. Kwa yule wa kwanza, kila kitu kilianzia ndani ya mtu. Kwa huyu wa pili, kilianzia nje yake: ukoo, kazi, ardhi, kanisa, mila. Mimi nilikuwa katikati na daftari zangu, nikichanganya mambo.

Na nilichanganya sawasawa. Muhula mmoja wote wawili walituuliza swali linalofanana, kwa nini mtoto anaiba. Kwa bwana wa saikolojia nikaandika habari za umaskini na kijiji. Kwa mama wa sosholojia nikaandika habari za hofu ya moyo na upweke. Nilifeli kote kuwili! Yule bwana aliandika chini kwa wino mwekundu, "Mtoto yuko wapi?" Mama naye akaandika, "Kijiji kiko wapi?" Nililia chooni, nikanawa uso, nikaenda kula. Sikujua kwamba maswali hayo mawili ndiyo yatakuwa kazi yangu yote.

Nikienda likizo Embu nilikuwa na taabu nyingine. Shangazi yangu alikuwa amesikia kwamba ninasomea kusoma akili za watu. Krismasi nzima alinipakulia chakula akinipa mgongo. "Usiniangalie macho wewe," alisema, "mimi niko na mambo yangu na Mungu anajua." Mpaka leo sijajua yalikuwa mambo gani, na ningelipa nauli kuyajua.

Elimu ina namna ya kumsahaulisha mtu vitu alivyonyonya kwa mama yake. Siku zangu za mwanzo kazini nilitumwa Kiirua na karatasi ya maswali. Nikamkuta nyanya mmoja amekaa na wajukuu wake jikoni, nikasalimu, nikauliza bila haya, "Nyanya, uko na watoto wangapi hapa?" Nyanya akawavuta wale wadogo karibu na gauni lake.

"Wangapi? Unataka kuwauza?"

Kwetu sote, Meru kwa Embu, watoto hawahesabiwi kama madebe ya maharagwe, ni kuwaitia balaa. Nilikuwa nimelijua jambo hilo kabla sijajua kuandika jina langu. Niliomba radhi, nikaiweka karatasi chini ya paja, nikauliza, "Basi niambie majina yao, niwasalimu." Akawataja mmoja mmoja kwa furaha, na sifa za kila mmoja juu. Nilihesabu kimya kichwani. Tangu siku hiyo niliuliza majina, na mkienda kazini nanyi ulizeni majina.

Jambo lingine ambalo chuo hakikunifundisha ni mahali pa kukaa. Tulifundishwa kukaa uso kwa uso na mgonjwa, kumtazama kwa heshima na kumsikiliza. Jaribuni hivyo na mama kutoka Buuri muone. Atawajibu "ndiyo" na "hapana" na "Mungu yupo," basi. Nilikuja kugundua kwamba mtu wa kwetu husema ukweli mikono yake ikiwa na kazi. Nikaomba jikoni waniletee maharagwe makavu yakiwa bado kwenye maganda, tukawa tunakaa kwenye benchi ya nje, mimi na mgonjwa ubavu kwa ubavu, tunapukuchua. Sista Gatwiri, muuguzi mkuu wa wodi, alikuwa akipita ananitania. "Sisi hapa tunangoja mshauri, kumbe serikali imetuletea mpishi." Lakini ndiye aliyehakikisha maganda hayaishi.

Ni kwenye benchi hiyo nilipomjua Nkirote.

Alikuwa mama kijana wa Ruiri, mke wa mtu mpole aliyeitwa Kirimi, aliyefanya kazi kwenye mashamba ya ngano kule Timau na kurudi nyumbani mwisho wa mwezi. Nkirote aliishi na wazazi wa mume. Baada ya kujifungua mtoto wake wa pili, msichana aliyeitwa Kendi, akili yake ilitoka njiani. Hilo huwapata wanawake wengine, si uchawi wala uvivu. Siku moja nyumbani kwao kulikuwa na wageni, wazee wa kanisa, na baba mkwe wake, Mzee M'Ikiara, alikuwa amekaa nao sebuleni. Nkirote akatoka jikoni na mwiko, akampiga nao kichwani mbele ya watu wote.

Msicheke. Haya, chekeni kidogo, hata mimi nilicheka nilipohadithiwa mara ya kwanza. Lakini kwa mzee kama yule, kupigwa na mke wa mwanawe, kwa chombo cha kupikia, wageni wakitazama, ni bora angepigwa panga. Alitamka siku hiyohiyo kwamba mwanamke yule hatakanyaga tena ua wake. Watu walimfunga kamba, wakamleta hospitalini.

Dawa zilimfaa. Baada ya wiki kadhaa alikuwa analala, anakula, anasuka nywele za wagonjwa wenzake. Tukipukuchua maharagwe alizungumza juu ya Kendi tu. Ameota meno? Ananyweshwa maziwa ya ng'ombe gani? Yule mkubwa, Mwenda, bado anaogopa jogoo? Maziwa yake mwenyewe yalikuwa yamekauka, na siku moja aliniuliza kama mtoto anaweza kumsahau mama. Nilijua jibu la vitabuni na sikulitaka.

Daktari alikuwa mtu mwema, lakini vitanda havikutosha. Aliniambia wazi: huyu amepata nafuu, na kama hakuna nyumba ya kumpokea itabidi ahamishiwe mbali, kwenye hospitali kubwa ya wagonjwa wa akili. Nilikuwa nimewahi kufanya mazoezi ya kazi kule. Niliwaona wanawake waliopata nafuu zamani ambao jamaa zao hawakurudi tena kuwachukua, wanafagia ua kila asubuhi na mvi zimewajaa. Nilipomwona Nkirote akichukua ufagio wa wodi kumsaidia mfagiaji, moyo ulinipasuka.

Kwao alikozaliwa wazazi walikuwa wameshafariki, na kaka yake alisema mke ni wa kule alikoolewa. Kirimi alikuja, akakaa, akalia, akasema hawezi kumpinga baba. Ikabaki Ruiri.

Safari yangu ya kwanza Mzee M'Ikiara alinipokea mlangoni mwa ua. Alikuwa mtu mrefu mwenye kofia ya sufu, mfugaji, mzee wa kanisa. Tuliongea Kimeru, nami nawaandikia kwa Kiswahili.

"Chai utapewa," alisema. "Lakini hiyo habari uliyokuja nayo, utarudi nayo."

Nikapewa chai, na viazi vitamu juu. Kila nilipofungua mdomo alinionyesha ng'ombe wake. Nilirudi Meru nimeshiba na sina neno hata moja. Chifu alikuwa ameshajaribu, na mchungaji, na hao nao walishiba.

Hapo ndipo nilipomkumbuka yule mama wa sosholojia. Alipenda kutuambia, akitembea, kwamba ukifika kwenye nyumba usiulize tu nani ana nguvu. Uliza mwenye nguvu hawezi kumnyima nani. Kila mtu ana mtu wake. Chuoni niliandika maneno hayo, nikapata alama, nikasahau.

Nikarudi Ruiri siku ya soko, nisikanyage kwa mzee. Nilikaa na akina mama waliouza maharagwe, nikanunua mengi kuliko nilivyohitaji, nikawatania juu ya huyo mzee wao mgumu.

"M'Ikiara?" mmoja akasema. "Huyo hatoi hata moto wa kuwasha sigara."

"Wacha uongo," mwenzake akamkata. "Na ule ng'ombe alipatia yule muuza asali?"

Wote wakaangua kicheko. Wakanihadithia. Mwaka mmoja alipita muuza asali kutoka Tharaka, mgeni kabisa, akaingia kwa M'Ikiara kuomba maji. Wakasalimiana, wakatajiana koo, na mzee akashtuka. Yule mtu alikuwa wa ukoo ambao ni gichiaro na ukoo wake. Yule mgeni akamsifu ndama jike aliyekuwa pale, akasema angekuwa naye angefurahi. Mzee akamfungua ndama, akampa kamba mkononi. Mke wake alilia siku nzima.

Gichiaro, kwa nyinyi mliokulia kwenye simu, ni udugu wa kiapo kati ya koo mbili, walioufunga mababu. Watu wa gichiaro hawaoani, hawamwagiani damu na hawanyimani. Anayevunja hupata laana, yeye na kizazi chake, na hata Wakristo wetu wanaosali Jumapili tatu mfululizo hawataki kuijaribu.

Nikauliza jina la ukoo wa yule muuza asali. Waliponitajia, nilishika mfuko wangu wa maharagwe vizuri. Nilikuwa nimelisikia jina hilo kwa baba yangu, akiwa juu ya cherehani, akijisifu.

Ijumaa nilipanda gari la Embu. Baba alikuwa amezeeka, ila mguu wake bado ulikuwa kwenye kanyagio la cherehani. Nilipomuuliza ukoo wetu ni upi hasa na gichiaro chetu ni nani, alisimamisha gurudumu kwa kiganja.

"Nimekusomesha mpaka yunibasiti ndio uje kuniuliza mambo ya nyanya yako?"

Alicheka mpaka akakohoa. Lakini nilipomweleza habari ya Nkirote hakucheka tena. Alinithibitishia: ndiyo, sisi ni wa ukoo ule, na ukoo wa M'Ikiara ni gichiaro chetu tangu zamani. Kisha akanishika mkono.

"Sikiza, Kageni. Hicho kitu hakiombwi na mchezo. Usimwombe kitu wewe mwenyewe hungempatia. Na usimdanganye. Hata kidogo, hata kwa uzuri. Ukimdanganya, laana ni yetu sote, mimi na wewe na hao watoto utazaa."

Njia nzima ya kurudi Meru nilikuwa na furaha na woga. Ningeweza kumwambia mzee, "Mrudishe Nkirote," naye angelazimika. Nyumba ingepatikana, kitanda kingepatikana, daktari angenishukuru. Lakini yule bwana mkimya wa saikolojia alikuwa ameniharibu pia. Nilimwona akinitazama kwa yale macho yake. Mtu aliyelazimishwa atafungua mlango wa ua, lakini moyo wake utabaki na komeo. Nkirote angeingia kwenye nyumba ambayo hakuna anayemsemesha, na nilijua nyumba ya namna hiyo inampeleka wapi mtu aliyetoka kuugua. Kijiji nilikuwa nimekipata. Sasa mtoto yuko wapi?

Safari hii nilipofika Ruiri sikungoja chai. Nilisimama mbele ya Mzee M'Ikiara, nikataja jina la baba yangu, la babu yangu na la ukoo wetu.

Alivua kofia. Akacheka kwa mshangao. "Nilijisemea Kimeru chako kina njia ya kule chini, ya Tharaka. Mama Kirimi! Leta maziwa, si chai." Nilikalishwa kwenye kiti chake. Mke wake, nilipopokea maziwa, aliangalia zizini kwa wasiwasi, nadhani alikuwa anahesabu ndama waliobaki, ingawa nao hawahesabiwi.

"Omba," mzee akasema.

"Sikuombi umrudishe Nkirote," nikamwambia. "Naomba uje hospitalini ukae naye, umwone kwa macho yako. Basi."

Hakutegemea hilo. Aligeuza kofia mkononi. "Hilo nimekupa. Lakini na mimi nina la kukuuliza, na wewe unajua huwezi kunidanganya."

"Najua, baba."

"Huo ugonjwa utarudi?"

Vijana, maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Nilikuwa nimevua nguo zote. Ningesema "hautarudi," angemchukua siku ileile. Ningesema kweli, ningekuwa nimemwambia mzee aliyepigwa mwiko mbele ya wazee wa kanisa kwamba anaweza kupigwa tena. Nilimwona Nkirote na ufagio. Nikakiweka chini kikombe cha maziwa.

"Unaweza kurudi," nikasema. "Hasa akizaa tena, au akiacha dawa, au akikosa usingizi siku nyingi. Pengine usirudi kabisa. Lakini siwezi kukuambia kwamba hautarudi."

Mke wake alijishika kifua. Nilijisemea, haya, Kageni, umemfukuza mtoto wa watu kwa mdomo wako.

"Chifu aliniambia amepona kabisa," mzee akasema polepole. "Mchungaji, amepona kabisa. Kirimi mwanangu alinililia, baba, amepona kabisa. Nikajiuliza, mbona wote wanasema neno moja? Wewe ndiye wa kwanza kuniambia kitu ninachoweza kuamini." Kisha akauliza swali ambalo sikulitarajia. "Ukirudi, unaanzaje?"

Lilikuwa swali la mfugaji. Mtu anayejua kwamba ng'ombe hafi ghafla, kwanza anaacha kucheua. Nikamweleza. Kwanza usingizi unakatika. Halafu maneno yanakuwa mengi na ya haraka, kazi zinaanzwa na haziishi, chakula anakisahau. Dalili ya mvua ni mawingu. Ukimleta wakati wa mawingu, tunamtibu haraka na mwiko unabaki jikoni.

Mzee M'Ikiara akamgeukia mkewe. "Wiki ile. Ulikuwa unaniambia huyu msichana anatwanga mahindi usiku kucha."

"Nilikuambia," mama akasema, machozi yakimtoka. "Na wewe ulisema, afadhali umepata mchapakazi."

Mzee aliivaa kofia yake, akaivua tena. Nilimhurumia, na nilifurahi, vyote kwa pamoja, na sioni haya kusema hivyo.

Alikuja Jumatatu na koti lake la kanisani. Sista Gatwiri alishaweka maganda ya maharagwe kwenye benchi bila kuambiwa. Nkirote alipomwona baba mkwe wake alisimama, akataka kukimbia, nikamshika kiwiko. Mzee akakaa mwisho mmoja wa benchi, Nkirote mwisho mwingine, mimi katikati. Mzee akachukua ganda, akalifungua vibaya, maharagwe yakaruka chini. Nkirote akainama kuyaokota, na akiwa bado ameinama akasema, "Baba, nisamehe kwa ile mwiko."

"Hukuwa umelala," mzee akasema. "Hukuwa umelala, mwanangu, na sisi tulikuwa tunaona."

Wakaendelea kupukuchua. Nilijifanya nina kazi ofisini, nikaenda nikafunga mlango, nikaketi, nikahema kama mtu aliyetua gunia la viazi. Sista akanikuta huko, akanipa leso, akasema, "Lia haraka, kuna wengine wanangoja."

Nkirote alirudi Ruiri wiki hiyohiyo. Nilimsindikiza. Kendi alimkataa mama yake kwanza, akamlilia nyanya, jambo lililotuumiza sote. Kufika jioni alikuwa amelala mgongoni mwa Nkirote. Chakula cha mchana kilikuwa mukimo, viazi na mahindi vilivyopondwa pamoja. Nkirote aliingia jikoni na sote sebuleni tukaacha kuzungumza, maana tulijua atatoka na nini. Alitoka na sufuria mkono mmoja na mwiko mkono mwingine, akasimama mbele ya baba mkwe wake, hawezi kusogea mbele wala kurudi nyuma. Mzee akanyoosha sahani yake. Alipopakuliwa akaitazama, akainyoosha tena: "Ongeza."

Siku hizi mambo yamebadilika. Wodi zetu hazifungwi tena kama zamani, wengi wanatibiwa wakitokea nyumbani, na washauri vijana wanaongea na wagonjwa kwa simu huku wakitazamana kwenye kioo chake. Nafurahia sana. Lakini nilipomwona binti mmoja aliyechukua nafasi yangu akimwuliza mama wa Kiirua, kwa simu hiyohiyo, kwamba ana watoto wangapi, nilimpokonya simu nikaomba majina. Gichiaro nacho vijana wengi hawakijui. Hilo halinikoseshi usingizi. Kila nyumba ina mtu isiyeweza kumnyima, mwalimu wa zamani, mkunga, rafiki wa jeshini. Mtafuteni huyo. Na mkimpata, msimdanganye.

Makena, bibi wa duka la unga akikuuliza tena, mwambie unasomea vitu viwili kwa sababu mtu naye ni vitu viwili, mwenyewe na watu wake. Asipoelewa, mpe chai.

Ugonjwa ulirudi. Kwa nini nifiche? Ilikuwa baada ya Nkirote kuzaa mtoto mwingine, na mimi nilikuwa kwenye benchi yangu asubuhi na mgonjwa mpya. Niliona watu wawili wakiingia getini. Mbele alikuwa Mzee M'Ikiara, kofia imekaa upande, amembeba kichanga kwa blanketi, jambo ambalo sikuwahi kuona mzee wa kule akilifanya hadharani. Nyuma yake Nkirote alitembea akiongea haraka haraka, nywele zimesukwa nusu, lakini ameshika koti la mzee kwa nyuma na hakuwa amefungwa kamba.

"Hajalala tangu juzi," mzee akaniambia, akihema. "Jana ameanza kufua nguo ambazo si chafu. Ulisema unaweza kurudi, na naona umerudi. Tumewahi?"

"Mmewahi, baba," nikamwambia. "Mmewahi kabisa."

Akakaa chini pale kwenye maganda ya maharagwe, na kichanga mapajani, akafunga macho kwa shukrani. Nkirote alitibiwa mapema, na nafuu haikukawia. Alirudi Ruiri kabla maharagwe ya shambani kwao hayajavunwa, na mzee ndiye aliyekuja kumchukua.